Mtungi wa Radhi

“Ndayisenga ni nani?”

Esperansia aliinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage. Mumewe, Gaspari, alikuwa amesimama mlangoni na simu ya Selestina mkononi. Selestina ni jirani yao mwenye duka, na simu yake ndiyo iliyokuwa simu ya kitongoji kizima huko Murusagamba. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na tayari Gaspari alikuwa ameukumbatia mwimo wa mlango ili asianguke.

“Nakuuliza wewe, Mama Priscila. Ndayisenga ni nani?”

“Ni mtu wa kambini.”

“Ahaa! Mkimbizi! Selestina kanipa simu nikuletee, kasema una ujumbe. Ngoja nikusomee, maana na mimi la saba nimemaliza.” Aliisogeza simu karibu na pua, akasoma kwa kunyooshea kidole: “‘Nafasi imepatikana. Jumanne njoo mapema. Usisahau nguo za kubadilisha za siku kumi. Ndayisenga.’”

Esperansia aliendelea kuchambua maharage.

“Siku kumi!” Gaspari alipaza sauti ili majirani wapate haki yao. “Mke wangu wa ndoa, ndoa ya kanisani, anaitwa kambini na nguo za kubadilisha! Siku kumi mnafanya nini huko? Mnahesabu mahema?”

“Gaspari.”

“Usiniite Gaspari!”

“Haya, Baba Priscila. Hizo nguo ni zako.”

“Zangu?”

“Mashati mawili na suruali ya kanisani. Nimeshazifua, ziko pale kwenye kamba. Anayetakiwa kwenda siku kumi ni wewe.”

Gaspari aliitazama kamba. Kweli, mashati yake mawili yalikuwa yakipepea pale. Hasira ilimwishia ghafla, akaketi kizingitini kama mtu aliyenyang'anywa kiti.

Msimcheke sana. Huyu Gaspari alikuwa fundi uashi, tena fundi hasa. Wakati watu walipovuka mpaka kwa maelfu na vilima vya Ngara vikajaa mahema, mashirika yalitafuta mafundi, na yeye aliitwa kabla ya wengine wote. Akashika pesa. Pesa ikamshika mkono ikampeleka kwenye rubisi, pombe ya ndizi, rubisi ikamkabidhi kwa gongo. Kufikia mwaka huu wa 2006 mikono ilikuwa ikitetemeka hata kijiko hakikai. Ukuta wa mwisho aliojenga ulikuwa wa jiko la paroko, na ulipinda hivi kwamba mtu akitembea upogo hapo kijijini aliambiwa amejengwa na Gaspari.

“Ndayisenga anatibu walevi,” Esperansia alisema taratibu. “Pale kwenye hospitali ya kambi. Dawa, kitanda, chakula, vyote bure.”

“Mimi si mlevi.”

“Sawa.”

“Nakunywa kama wanaume wengine.”

“Sawa, mume wangu. Nyoosha mikono mbele.”

Gaspari hakuinyoosha. Aliificha kwapani.

Esperansia alikuwa amehangaika mno kabla ya kufika hapo. Alikwenda kwa mganga mmoja nje ya mji wa Biharamulo, akapewa unga wa kumtilia mumewe kwenye chai. Gaspari alitapika siku mbili, ya tatu akaenda kilabuni kusuuza mdomo. Akasikia habari za nyumba moja jijini inayotibu watu wa namna hiyo. Akauliza gharama, akaambiwa kiasi cha ng'ombe wawili, na wao walikuwa na mbuzi mmoja, tena mzee. Hadi siku aliyopeleka ndizi kwenye soko la kambi, akawaona wanaume kama ishirini wamekaa chini ya turubai wakinywa uji na kucheka.

“Wale ni akina nani?” alimuuliza Véronique, mkimbizi aliyekuwa akinunua ndizi zake miaka yote.

“Walevi.”

“Walevi wanakunywa uji?”

“Wanajifunza,” Véronique alijibu.

Siku ile Esperansia alirudi nyumbani akitembea haraka, kama mtu aliyeokota kitu akaogopa mwenyewe atatokea.

*

Jumapili, kabla hata hawajafika hiyo Jumanne, Theonest aliingia uani na baiskeli. Huyu ni kaka mkubwa wa Esperansia, ametoka Nyamigogo, upande wa Biharamulo, na alikuwa na sura ya mtu aliyetumwa.

“Dada, funga vitu vyako. Baba amesema imetosha. Mlinzi wa kilabu akimleta mumeo kwenye toroli mara tatu kwa mwezi, hiyo si ndoa tena.”

“Shemeji, karibu kwanza ukae,” Gaspari alisema kutoka kivulini.

“Sitakaa kwenye nyumba yako, Gaspari. Naweza kuegemea ukuta ukanifuata.”

Gaspari aliinamisha kichwa. Esperansia alisimama katikati yao.

“Nitakuja, kaka. Sikatai neno la baba. Ila Jumanne nampeleka hospitali kwanza. Nikimwacha leo, huyu atakufa, na mimi ndiye nitakayekuwa mjane.”

“Ya nini kumpeleka mtu ambaye mwenyewe hataki?”

Wote wawili walimgeukia Gaspari. Alikuwa akikitazama kikombe cha maji alichoshindwa kukinywa bila kujimwagia kifuani.

“Nataka,” alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana. “Naogopa, lakini nataka.”

*

Sasa sikia kosa walilolifanya. Esperansia alikuwa ameamini kwamba hospitali ya kambi ni ya wakimbizi tu. Hakuuliza, kwa sababu aliogopa kwamba akiuliza ataambiwa hapana. Basi alikuwa amemwambia Ndayisenga kwamba mgonjwa ni kaka yake Véronique, ametoka Burundi. Kihangaza, lugha ya kwao, na Kirundi ni ndugu wa karibu, akawaza, nani atatofautisha? Njia nzima kwenye lori walikuwa wakifanya mazoezi.

Ndayisenga alikuwa mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua daftari.

“Jina?”

“Gaspari Ndizeye.”

“Nyumbani wapi?”

“Muyinga,” Gaspari alijibu huku akitetemeka mwili mzima. Tangu asubuhi alikuwa hajanywa.

“Mimi pia natoka Muyinga! Sehemu gani?”

Gaspari alimtazama mkewe. Hapo hawakuwa wamefanya mazoezi.

“Pale... karibu na kanisa.”

Ndayisenga alifunga daftari, akavua miwani.

“Fundi Gaspari,” alisema. “Wodi hii umeijenga wewe. Mwaka wa tisini na sita. Mimi ndiye niliyekuwa nakuletea matofali.”

Esperansia alitamani ardhi ipasuke.

“Ulikuwa ukiniita, ‘Wewe mkimbizi, tofali!’ Siku nzima, ‘Mkimbizi, tofali!’ Jina langu hukuwahi kuliuliza.”

“Nisamehe, mzee,” Gaspari alisema.

“Tusamehe wote,” Esperansia alidakia huku machozi yakimtoka. “Uongo ni wangu. Sisi ni wenyeji, tunatoka Murusagamba. Kama ni kutufukuza tufukuze, lakini usimwite polisi, ni mgonjwa.”

Ndayisenga alimtazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiye na kinyongo.

“Mama, nani amekuambia wenyeji hawatibiwi hapa? Kila siku wanakuja. Wanawake wa vijiji vyote hivi wamejifungulia hapa. Mlevi wa kambini na mlevi wa kijijini wanatetemeka sawasawa.”

“Bila malipo?”

“Bila malipo. Nchi yenu ilitupa mahali pa kulaza watoto wetu, mama. Sasa mimi nitakudai nini?”

Esperansia alipiga magoti palepale sakafuni. Ndayisenga akamnyanyua haraka.

“Hapana, usinipigie magoti. Mimi mwenyewe niliingia kwenye wodi hii nikiwa nimebebwa. Nilipoteza nyumba, nikapoteza mke, halafu nikaanza kuipoteza na akili. Waliponiinua ndipo nikabaki kuinua wengine.”

Siku tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Gaspari alitoka jasho la kulowesha godoro, akawaona siafu wasiokuwepo wakipanda ukutani. Muuguzi alimpa vidonge vya kutuliza mwili, akipunguza kidogo kila siku, na sindano za vitamini. “Asingepata hivi akaacha ghafla nyumbani, angeweza kufa kwa degedege,” muuguzi alisema, na Esperansia akashukuru kimoyomoyo kwamba hakuwahi kumfungia ndani kama shangazi zake walivyoshauri.

Siku ya nne Gaspari aliamka akaomba uji. Aliushika mwenyewe.

“Mama Priscila.”

“Nipo.”

“Kwa nini hukuniacha?”

“Nakuacha leo,” alijibu. “Theonest ananisubiri getini. Nilimwahidi baba.”

Gaspari aliweka kikombe chini. “Unarudi lini?”

“Baba amesema ukikaa miezi mitatu bila pombe, uje na mtungi wa radhi, kama desturi. Kabla ya hapo usikanyage.”

“Wewe unataka nije?”

Esperansia alimfuta jasho kwa upindo wa kitenge chake.

“Gaspari, nimezunguka wilaya mbili nikitafuta dawa yako. Nimekudanganyia uraia. Bado unaniuliza kama nataka?”

*

Nyamigogo simu ilishika mtandao juu ya kichuguu kimoja tu nyuma ya zizi, na simu yenyewe ilikuwa ya Theonest. Kwa hiyo barua zote za mapenzi zilipitia kwa shemeji.

“‘Siku ya 14,’” Theonest alisoma akiwa juu ya kichuguu, sauti imejaa dhihaka. “‘Nimepalilia migomba. Mikono imetulia. Nakukumbuka.’ Huyu ananikumbuka mimi au wewe?”

“Soma tu, kaka.”

“‘Siku ya 21. Jumanne nilikwenda kwenye kikundi cha walioacha pombe kwa lori la gulio. Ndayisenga anakusalimia.’”

“‘Siku ya 30. Paroko ameniita nikaubomoe ule ukuta wa jiko nijenge upya.’” Theonest alikohoa. “Haya, hilo ni jambo jema. Ule ukuta ulikuwa aibu ya dayosisi.”

Kisha zikapita siku tatu bila ujumbe. Ya nne Esperansia alipanda kichuguu mwenyewe, akampigia Ndayisenga.

“Halo, mzee? Ni Mama Priscila. Gaspari yuko wapi?”

“Mama, nilikuwa natafuta namna ya kukuambia.”

“Amekufa?”

“Hapana. Amekunywa.”

Esperansia alikaa chini.

“Ilikuwa msibani, kwa jirani yenu mzee Matiasi. Walimpa mrija wa rubisi, akaona aibu kuukataa mbele ya wafiwa. Alivuta mara moja tu. Ya pili na kuendelea hazikumbuki.”

“Basi imekwisha.”

“Sikiliza. Kulipopambazuka alianza safari ya kuja hapa. Lori halikuwepo, ametembea mpaka saa tisa alasiri. Hakuna aliyemshika mkono. Mimi nilianguka mara nne kabla sijasimama. Yeye ni mara moja.”

“Mlimfanya nini?”

“Tulimpa uji.”

Hapo ndipo Esperansia alipolia, na ajabu ni kwamba hakulia kwa uchungu. Alimshukuru Mungu kwa mtu anayepokea mlevi kwa uji.

“Si nilisema?” Theonest alianza nyumbani. “Mbwa hurudia matapishi yake.”

Baba yao, mzee Frednand, alikuwa akisuka kamba ya mbuzi. Hakuinua kichwa.

“Alirudi kwa hao wanaomtibu mwenyewe?”

“Mwenyewe, baba. Kwa miguu.”

“Basi hesabu ianze moja,” mzee alisema, akaendelea kusuka.

*

Hesabu ilianza moja, ikafika tisini. Wakwe walipanga siku, ndizi zikaivishwa huko Murusagamba, rubisi ikakamuliwa. Ilipobaki siku moja ndipo Esperansia alipokumbuka jambo lililomkausha mate. Kwao, anayeleta pombe ndiye anayeonja kwanza. Huvuta mrija mbele ya wote ili kuonyesha kwamba hakutia sumu wala hana kinyongo moyoni. Asiyeonja ana lake jambo, na radhi yake haipokelewi.

Alikimbilia kichuguu.

“Mtungi huo ataonja nani?” aliandika.

Jibu lilichelewa. “Sijui. Ndayisenga ameniambia tone moja tu linatosha kunirudisha. Nakuja hivyo hivyo.”

“Lete juisi ya ndizi.”

“Nilimpigia Theonest kumuuliza. Amesema dada yake hakutolewa kwa uji wa watoto.”

Kesho yake saa saba mchana Gaspari aliingia uani na mshenga wake, mzee Protasi, aliyekuwa amebeba mtungi uliofunikwa kwa jani la mgomba. Esperansia alikuwa ndani na wanawake, jicho kwenye ufa wa dirisha. Karibu asimtambue mumewe. Alikuwa amenenepa mashavu, na amevaa ile suruali ya kanisani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Kaeni.”

Protasi alisema maneno yote yanayosemwa. Kwamba kijana wao alipotea, amejiona, amekuja kuomba mke wake. Mtungi ukawekwa katikati, mirija ikachomekwa. Wazee wakasogeza viti. Kisha kila mtu akamgeukia Gaspari.

Gaspari alisimama mbele ya mtungi. Harufu ya rubisi ilifika hadi dirishani. Esperansia aliona koo la mumewe likipanda na kushuka, akajiziba mdomo asipige kelele. Akinywa, amempoteza. Asipokunywa, amempoteza vilevile.

“Onja, shemeji,” Theonest alisema. “Tunakusubiri.”

“Siwezi,” Gaspari alisema.

Wazee walinong'ona.

“Nimeleta pombe kwa sababu ni haki yenu, wazee wangu, na sikutaka kuwavunjia desturi. Lakini mimi ni mgonjwa wa kitu hiki. Msibani nilivuta mara moja tu kwa aibu, nikaamka mtaroni. Leo aibu ninayo kuliko siku ile, na bado sitavuta. Nikivuta mtanipa mke, na kabla hatujafika nyumbani atakuwa mjane wa mtu aliye hai.”

“Asiyeonja ana lake,” mzee mmoja alisema.

“Desturi ni desturi,” Theonest aliongeza, ingawa sauti yake haikuwa na nguvu ya siku zote. “Tutajuaje ndani mna nini?”

“Hamtajua,” Gaspari alijibu. “Nina neno langu tu, na najua neno la mlevi lina thamani gani. Mkinifukuza nitaondoka. Lakini nitaondoka mzima, na Jumanne nitakwenda kwenye kikundi changu.”

Protasi alianza kunyanyuka ili auchukue mtungi, maana hapo palikuwa pamekwisha haribika.

“Uache,” mzee Frednand alisema.

Alijiinua kwa fimbo yake, akausogelea mtungi, akainama. Akaushika mrija ambao hakuna mtu aliyekuwa ameugusa.

“Baba!” Theonest aliruka. “Haijaonjwa!”

Mzee alivuta. Alivuta taratibu, muda mrefu. Kisha akajifuta ndevu kwa kiganja.

“Ni nzuri,” alisema. “Imekolea.” Akamgeukia mwanawe. “Theonest, mtu aliyeweza kusimama mbele ya mtungi huu akiutamani vile, akaukataa mbele ya wazee kumi wanaomnung'unikia, huyo hawezi kuniwekea sumu. Njoo unywe.”

Theonest alisimama kidogo. Kisha akatembea hadi kwenye mtungi na kupiga goti, akanywa kutoka mrija uleule wa baba yake.

“Mama Priscila!” mzee aliita. “Toka nje. Mumeo amefika.”

Esperansia alitoka mbio, hata kanga akaisahau. Mbele ya wazazi mke hamkumbatii mumewe, kwa hiyo alisimama hatua moja kutoka kwake, na wote wawili wakabaki wanatazamana wakicheka na kulia.

“Asante, baba,” Gaspari alisema. “Asanteni.”

“Mimi nimekunywa tu,” mzee alijibu. “Wapo waliofanya kazi. Hao umewashukuru?”

Esperansia hakusubiri aambiwe mara mbili. Alimnyang'anya Theonest simu, akapanda kichuguu, Gaspari nyuma yake.

“Halo, mzee Ndayisenga?”

“Mama, sema haraka, toka asubuhi sijala. Ameonja?”

“Hajaonja.”

“Wamemfukuza?”

“Baba amekunywa kwanza.”

Simu ilinyamaza. Esperansia akadhani mtandao umekatika.

“Halo? Mzee?”

“Nipo, mama.” Sauti ya Ndayisenga ilikuwa imebadilika. “Mpe huyo Gaspari simu. Hapana, ngoja, mwambie wewe, mimi nitashindwa. Mwambie kwetu Burundi mzee hanywi pombe isiyoonjwa hata ikiletwa na mkwe mwema kiasi gani. Pombe hiyo huinywa ikiwa imeletwa na mwanawe wa kumzaa tu.”

Esperansia alimwambia. Gaspari alikaa chini juu ya kichuguu, akalia kwa sauti kama mtoto, uani wote wakisikia. Hakuna aliyemcheka, hata Theonest.